Mguu Usiouma

4 Februari

Mdogo wangu Kengele,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza nitoe dukuduku langu. Watu wa mji huu wamekosa adabu. Wiki hii peke yake wateja watatu wamenirudishia viatu, eti vinabana.

Unajua utaratibu wa kibanda hiki tangu enzi za Baba. Kiatu kipya hakitoki hapa kabla fundi hajakivaa mwenyewe kutwa nzima. Nakivaa, natembea nacho, nakikunja, nakilainisha, na mguu wangu ndio unaoniambia hapa panabana, pale msumari umetokeza. Kikiwa kikubwa naongeza soksi. Kikiwa kidogo nabana vidole, naumia mimi ili mteja asiumie. Sasa mwaka huu siumii tena. Kila kiatu kinaingia vizuri, hata vile vidogo. Nilimwambia wifi yako kwamba mkono wangu sasa umempita Baba.

Halafu anakuja karani mmoja wa mahakama, ananiwekea viatu mezani, anavua soksi mbele ya watu kunionyesha malengelenge. Nikamwambia, bwana, viatu hivi nimevivaa jana tangu asubuhi mpaka nafunga, sikusikia kitu, labda miguu yako umeidekeza. Akaondoka amenuna. Na anune.

Wifi yako naye amenikalia kooni kwa sababu ya kidole changu kidogo cha mguu wa kulia. Kuna kilengelenge kimepasuka, basi. Hakiumi hata kidogo. Nimekifunga kitambaa naendelea na kazi. Sukari yangu imetulia, vidonge nameza kila nikikumbuka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Kondakta wa basi la mchana ni mteja wangu, atakuletea barua mpaka shuleni. Wasalimie watoto.

Kaka yako,
Gundi


9 Februari

Kaka Gundi,

Kwenye simu unamaliza sentensi zako zote, ni mimi ndiye unayenikatia. Kwa hiyo barua ni sawa. Barua huwezi kuikatia.

Nimeisoma yako nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na nusu yake nimeipiga mistari. Jana alikuja muuguzi kuwachanja watoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza, mtu mwenye kisukari akivaa kiatu kinachobana na asisikie, hiyo maana yake nini? Hakucheka. Akasema sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mguu unakufa ganzi, mtu anaweza kukanyaga moto akaona ni sawa tu. Akaniuliza huyo mtu ni nani kwangu.

Kwa hiyo karani wa watu hakuwa anadeka. Wateja wako wote wanasema kweli, mguu wako ndio unaokudanganya, na wewe umeugeuza kuwa hakimu wa viatu vya mji mzima. Nilikaa ofisini nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali. Hayo si maneno yangu, ni ya muuguzi. Nenda wiki hii. Usiweke majivu, usiweke majani, usiweke gundi, nakufahamu. Na viatu vya watu uache kuvivaa kuanzia leo. Unajaza hasira barua nzima kwa sababu ya malengelenge ya mtu mwingine, na la kwako mwenyewe unalifunga kitambaa.

Mdogo wako,
Kengele


15 Februari

Wifi yangu,

Naandika kaka yako akiwa amelala mchana, jambo ambalo hujawahi kulisikia. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Hajaenda hospitali. Aliisoma barua yako, akasema Kengele ameanza kufundisha na watu wazima. Tangu hapo anavua viatu akiwa ameshaingia kitandani, chini ya shuka, nisione.

Wifi, kuna harufu. Nilianza kuisikia siku nyingi, nikimuuliza anasema ni ngozi mbichi. Na kweli nyumba yetu imenuka ngozi na gundi tangu nilipoolewa, pua yangu ilishazoea, nikakubali. Juzi nikafua soksi zake, moja ina damu iliyoganda. Nikaenda kibandani, nikatia mkono ndani ya kile kiatu alichokuwa anakilainisha. Msumari ulikuwa umetokeza kwenye soli, upande wa kidole kidogo. Amekivaa siku tatu. Siku tatu, wifi, na jioni anakuja anakula na kupiga hadithi.

Nami nimekosea. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, alisema ni vuguvugu tu. Ngozi ikabanduka. Sasa mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, umekuwa mwekundu na sehemu moja nyeusi, na tangu asubuhi anatetemeka akiwa amejifunika blanketi mbili. Mimi akiniambia niache, naacha. Wewe hakuwezi. Fanya unavyojua.

Wifi yako


16 Februari

Kaka,

Usiniulize nani kaniambia. Kondakta amepewa maagizo mawili: akupe barua hii mkononi, na akupakie wewe kwenye teksi mpaka hospitali ya mji. Teksi anayo tayari. Ukikataa atanipigia, nami nitafunga shule. Nitawaambia wazazi mia tatu kwamba shule imefungwa kwa sababu ya kichwa kigumu cha mtu mmoja.

Mtu anayetetemeka mchana wa jua kali huku mguu umebadilika rangi, sumu imeshaanza kupanda. Sina maneno mengine. Nikiyaandika yaliyonijaa nitakukosea heshima, na wewe bado ni mkubwa wangu.

Kengele


19 Februari

Mdogo wangu,

Nimelazwa. Furahi.

Wodi ni ndefu, madirisha juu, kitanda changu ni cha pili kutoka mlangoni. Kitanda cha kwanza yuko mwandika mabango. Yale maandishi ya duka la dawa na ya kinyozi wa kituo cha basi, yote ni mkono wake. Naye ana kisukari. Yeye anasimama ngazini kutwa, ile mbao ya ngazi ilimkata unyayo na hakujua. Tumelinganisha miguu yetu, wa kwangu wa kulia, wa kwake wa kulia, tukacheka kama wendawazimu. Ananiita mwenzangu.

Daktari alipita jana. Alisimama miguuni pa kitanda, barakoa usoni, kalamu mkononi. Akaagiza kitambaa kifunuliwe, akatazama kwa mbali, akanyoosha kalamu chini ya goti langu bila kunigusa. Akamwambia msaidizi wake, "Huyu hapa." Akageuka kwa mwandika mabango, kalamu ileile, akasema, "Na huyu." Akaenda. Seremala akikagua ubao wa kupasua huwa anaupapasa kwanza.

Ninaumwa na hasira kuliko ninavyoumwa na mguu, maana mguu hauumi. Miaka yote nimekwenda kliniki ya sukari. Nimekaa kwenye benchi lile, wamenitoboa kidole, wamenipima presha, wamenipa vidonge, wamesema punguza hiki punguza kile. Hakuna hata mmoja, Kengele, hakuna hata siku moja, aliyeniambia vua viatu. Mimi fundi viatu, kazi yangu ni kuwavua watu viatu, na sikujiuliza kwa nini wao hawanivui.

Wanaukata kesho kutwa. Karatasi wameniletea, sijaweka sahihi, lakini nitaweka. Unajua ninavyofanya kazi. Kiatu kinakaa juu ya goti, mkanda unapita juu yake unashuka, na mguu wa kulia unaukanyaga mkanda ili kiatu kisicheze. Bila mguu huo sijui nitashikilia kiatu na nini. Nimefikiri mpaka nimechoka. Wifi yako analia na anajifanya ni mafua.

Usije. Una mitihani.

Gundi


3 Machi

Kengele,

Nimehama hospitali na nimehama kitanda, lakini hasira yangu kwako haijahama.

Mtu mwenye heshima zake hamfokei daktari mbele ya wodi nzima. Uliingia na begi begani, hukunisalimu mimi wala wifi yako. Ukamsimamisha yule daktari mlangoni kama mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni. Ukamuuliza, "Mguu huu umeushika?" Akasema umeoza, mama. Ukasema, "Sikukuuliza kama umeoza. Nimeuliza kama umeushika." Akasema ana wagonjwa wengi. Ukampa vidonge vyake mpaka wagonjwa waliokuwa usingizini wakakaa. Mimi nilivuta shuka nikajifunika uso. Nilitamani kitanda kinimeze.

Na wewe unajua kwamba ungekuwa umepoteza sauti yako bure kama muuguzi wa zamu asingekufuata koridoni. Ni yeye aliyekwambia, kwa kunong'ona na macho yakiwa mlangoni, kwamba hospitali ya ng'ambo ya mji ina kitengo cha vidonda vya miguu. Kumbe wanajua. Kipo, wanakijua, na mtu anaambiwa kwa siri utadhani ni magendo. Hapo ndipo hasira yangu ilipoacha kukuelekea wewe, lakini kwa muda tu.

Wewe ulirudi kwenye mitihani yako kabla hujaona, kwa hiyo nakueleza. Daktari wa huku ni mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Alivuta stuli, akakaa, akaupakata mguu wangu na harufu yake yote. Akaweka vidole viwili juu ya mguu, akasikilizia. Akahamisha nyuma ya kifundo, akasikilizia tena. Akasema, "Mshipa unapiga. Damu inafika. Mguu huu hatuukati leo." Wifi yako aliondoka akaenda kusimama nje.

Jioni ileile waliufungua. Walitoa usaha, wakakata nyama yote iliyokufa, wakaacha wazi bila kushona ili uchafu upate njia. Kidole kidogo kimekwenda, mfupa wake ulikuwa umeshaliwa. Kipande cha mfupa kilipelekwa maabara wajue ni wadudu gani, na majibu yalipokuja wakabadilisha dawa ya kwenye dripu. Sukari yangu sasa wanaishusha kwa sindano. Wanaosha kidonda kila siku, na kila siku daktari anakishika. Leo amesema nyama ya chini ni nyekundu na inakuja vizuri.

Nilimuuliza, kwa hiyo yule wa kule alitaka kuniua? Akasema hapana, wapo watu ambao kukata ndiko kunakookoa uhai wao, na yeye mwenyewe amekata wengi. Lakini hujui ni nani mpaka uangalie. Alikuwa anafunga bandeji akisema hivyo, na alikuwa na hasira pia, niliona kwenye mikono.

Nimekatazwa kukanyaga. Kidonda kikitulia watanifunga plasta ngumu mpaka chini ya goti, nayo itabeba uzito badala ya kidonda. Wamesema ni miezi. Nimeitikia.

Nisingekuwa na wewe ningekuwa na goti tu. Hiyo ndiyo asante yangu, usiisome mbele ya walimu wenzako.

Gundi


8 Machi

Kaka,

Siombi radhi hata chembe. Nitafoka tena ikibidi.

Lakini kuna jambo linanikera, na silaumu mtu. Siku ile tunakutoa wodini, mimi nimeshika begi, wifi ameshika mto, watu wa machela wanakimbia, yule mwandika mabango aliinua mkono. Nilidhani anatuaga. Nikampungia. Tukatoka.

Juzi nilikuwa nasimamia mtihani, mtoto mmoja akainua mkono. Sijapata usingizi tangu juzi. Miaka yangu yote ya kazi ninaangalia mikono iliyoinuliwa, najua inavyokuwa mtu anapotaka kuitwa. Hakuwa anaaga, Kaka.

Yuko wapi?

Kengele


14 Machi

Mdogo wangu,

Wifi yako alikwenda kuuliza. Walimkata asubuhi iliyofuata, chini ya goti, pale kalamu ilipoonyesha. Hajui mtu kama mshipa wake ulikuwa unapiga, kwa sababu hakuna aliyepima. Labda ulikuwa haupigi. Labda walifanya sawasawa. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba hatutajua kamwe.

Usijibebeshe peke yako. Na mimi nilimwona akiinua mkono, nikageuza uso kwa sababu niliona aibu kuokolewa mbele yake.

Alikuwa na kila kitu nilichokuwa nacho. Mguu uleule, sukari ileile, kitanda cha jirani. Hakuwa na dada wa kufoka, basi. Sasa niambie wewe mwalimu, hospitali gani hiyo ambayo dawa yake ya kwanza ni ndugu mkorofi?

Gundi


22 Juni

Kengele,

Kaa chini kwanza.

Plasta wameitoa mwezi uliopita, kidonda kimefunga, natembea kwa gongo na kiatu kipana nilichoshona kwa kufuata mchoro wa daktari. Viatu vya wateja sivivai tena, naingiza mkono na kupapasa kila pembe, na wateja wanavaa wenyewe palepale kibandani na kusema wenyewe. Mkanda naukanyaga kwa mguu wa kushoto, nimejifunza upya, nashona polepole na najichoma vidole. Karani wa mahakama amerudi. Hatukuongea mengi, nilimpa kiti.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo.

Wiki iliyopita alikuja mwandika mabango, kwa magongo mawili, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Akaketi. Akasema, "Mwenzangu, nataka kiatu. Kimoja." Alisema akitabasamu, alikuwa ameutayarisha utani ule tangu nyumbani. Nikajaribu kucheka nikashindwa. Nikamwambia avue nichukue kipimo.

Akasita. Kule kusita nakujua, mimi mwenyewe nimesita hivyo chini ya shuka. Nikamvua soksi mwenyewe. Kengele, mguu wa kushoto, uliobaki, una kidonda chini ya kidole gumba, na vidole viwili vimeanza kubadilika rangi. Kwa kuwa anarukia mguu mmoja kutwa, umebeba kazi ya miwili. Nikamuuliza tangu lini. Akasema hakiumi. Nikamuuliza waliomkata walimwambia nini kuhusu huu mwingine. Akasema walimwambia pole.

Nilifunga kibanda mchana kweupe, na ngozi ikiwa bado imelowekwa. Tukaenda kule kwenye kitengo cha vidonda, watu wazima wawili na miguu mitatu, hakuna teksi iliyotaka kutusubiri tupande. Pale dirishani karani wa mapokezi akasema mgonjwa hana barua ya rufaa, arudi alikotibiwa, au achukue namba ya mwezi ujao. Yeye mwenyewe, mwandika mabango, akanivuta shati. Akasema, mwenzangu twende, tusiwasumbue watu.

Ndipo damu ikanichemka. Unanifahamu, mimi hasira zangu nazimalizia kwenye barua. Siku ile nilifoka. Nilisema maneno yako na mengine ambayo wewe kama mwalimu mkuu huwezi kuyasema. Nikamwambia karani, mguu mmoja wa mtu huyu wenzenu wameshaupoteza kwa kutouangalia, huu wa pili hauondoki hapa bila kushikwa, na mimi siondoki, waite askari wanibebe. Nililaza gongo langu mlangoni watu wasipite. Mama mmoja kwenye foleni akaanza kunisaidia, halafu mwingine, mpaka yule daktari mfupi akatoka kuuliza kuna nini.

Alikaa chini. Akaweka vidole juu ya mguu. Akasikilizia, akahamisha, akasikilizia, na safari hii alikawia sana. Mwandika mabango hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Daktari akasema, "Mshipa ni dhaifu. Damu inafika kidogo. Tuna siku chache." Wakamlaza saa ileile. Juzi wamempitishia waya mwembamba kuanzia kwenye paja mpaka kwenye mshipa ulioziba, wakauzibua. Vidole viwili wamevitoa. Daktari hakuahidi kitu. Leo nimekwenda kumwona, mguu una joto, nimeushika mwenyewe kwa ruhusa yake.

Bado nina hasira, Kengele, na sitaki ipoe. Sauti imenikauka mpaka wateja nawajibu kwa kichwa. Kwenye lile benchi la dirishani kulikuwa na watu labda ishirini, kila mmoja na kitambaa chake, na kelele zangu zilimtosha mmoja.

Nilipoaga aliniuliza kama nimeshakata ngozi ya kiatu chake. Nilimwambia bado, daktari kakataza mguu usivalishwe kitu mpaka ufunge, na mimi sina haraka. Akasema nisije nikakiuza kwa mtu mwingine. Nikamwambia nani mwingine atataka cha kushoto peke yake, na safari hii tulicheka wote wawili, muuguzi akaja kutunyamazisha.

Likizo ikianza njoo. Kuna kliniki ya sukari hapa mjini, ile yangu ya zamani, na benchi lake limejaa watu waliovaa viatu. Mimi sina sauti tena. Njoo na yako.

Kaka yako,
Gundi